Watafuta Kasoro

Katika Pemba yote hapana mtu anayenisoma kwa chuki kama kaka yangu Ngwali, na ndiyo maana kila nikimaliza kuandika humpa yeye kwanza. Walimu wenzangu nikiwapa mswada hunirudishia kwa tabasamu, hongera Khairat, umeandika vizuri, na ukiwauliza mwisho wake wameuonaje wanaanza kutafuta simu zao. Ngwali hana hongera. Hukaa katika karakana yake pale Wawi, mikono imejaa grisi, akazisoma karatasi zangu moja moja akitafuta pa kunipigia. Akipaona hanisubiri hata nikae.

Mimi nami simpi nafuu. Kila mashine anayoiunda huniita nikaitazame kabla hajamwonyesha mtu mwingine. Haniiti kwa mapenzi. Mafundi wa hapa wanamwogopa kwa sababu alisomea uhandisi Dar es Salaam na kuufanyia kazi huko huko, wakimwona anachomelea wanatikisa vichwa tu na kusema mashaallah. Mimi simwogopi. Nimemwona akigaragara chini kwa kunyimwa mkate wa mofa. Mama yetu, Bi Hija, husema Mungu amemjaalia watoto wawili na wote wawili wametoka mahakimu.

Safari hii nilikuwa nimeandika riwaya ya mwanamke wa Wete anayemwacha mumewe. Ngwali alinirudishia nyumbani kwa mama, alasiri, mama mwenyewe amekaa ukumbini anachagua mchele. Hakutoa hata salamu.

"Huyu shangazi kazi yake nini?" akaniuliza.

"Shangazi gani?"

"Huyu anayepika maandazi na kusema maneno matamu. Nimemtoa. Nimesoma kitabu kizima kama kwamba hayumo, na kinakwenda vile vile."

"Watu wengine wapo tu, Ngwali. Ndivyo dunia ilivyo."

"Kwangu mimi hakuna kitu kilichopo tu. Bolti isiyoshika kitu naing'oa, maana nikiiacha kesho italegea iangukie kwenye gia." Akafunua karatasi nyingine. "Na huyu mwanamke wako. Jana yake alikuwa anamkunia mumewe nazi, leo keshabeba begi. Nguvu ya kumtoa mlangoni imetoka wapi? Nani kamsukuma? Umemsukuma weye, kwa kuwa kitabu kilikuwa chataka kwisha."

Mama akacheka, mchele ukarukaruka kwenye ungo. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno yenyewe.

Nilirudi kwangu nikajifungia. Nilimpenda yule shangazi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtunga, maneno yake nilikuwa nayasema peke yangu njiani. Nikamfuta, sura baada ya sura, nikasoma upya tangu mwanzo. Kitabu kilikwenda vile vile. Kilikwenda vizuri zaidi, kusema kweli, maana maneno aliyokuwa akiyasema yeye sasa yalimbidi yule mwanamke ayafikie mwenyewe, na hapo ndipo nguvu ya kuondoka ikapatikana. Ngwali alikuwa na haki juu ya yote mawili. Nilimchukia wiki nzima. Niliposikia kwamba mashine yake mpya imekamilika nikafurahi, nikajifunga mtandio wangu nikaenda Wawi kwa nia moja tu, kumtafuta shangazi wa Ngwali, yaani kasoro yake yeye.

Msimu ulikuwa umeshaanza. Kwa asiyejua, karafuu huchumwa zikiwa bado zimeshikana na vikonyo vyake, shada kwa shada, na ni lazima zichambuliwe upesi kabla hazijavunda. Kazi hiyo ni ya wanawake. Hukaa jamvini, mkono mmoja umeshika kikonyo, shada likasukumwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikaanguka upande huu na kikonyo kikabaki mkononi kitupu. Msimu ukiisha viganja vimekauka na kupasuka, na harufu haitoki hata kwa sabuni ya magadi. Ngwali alisema ataimaliza kazi hiyo. Mashine yake ilikuwa na rola mbili za chuma alizozivisha vipande vya tairi, zinageuka kwa kukabiliana, zinazungushwa na injini ya petroli ya pampu ya maji. Shada linaingia kwa juu, mdomoni. Karafuu zinadondoka chini, makonyo, vile vikonyo vilivyobaki vitupu, yanatokea nyuma na kuingia kwenye gunia.

Ilikuwa mashine nzuri. Nasema hivyo bila kupenda. Aliiwasha, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kumhoji kama yeye anavyonihoji mimi.

"Hiki cha nini?"

"Kinaifanya rola ya pili iachane kidogo shada likiwa nene."

"Na hii?"

"Inazuia mkanda usitoke."

"Ukitaka kuizima?"

"Swichi sijatia bado. Vuta waya huu wa plagi, imekufa." Akavuta, ikanyamaza, akaurudisha na kuiwasha tena. "Endelea. Tafuta."

Nilitafuta. Nilipita kila nati nikitaka moja tu isiyo na kazi, na sikuipata. Kila kitu kilishika kitu, kila msukumo ulikuwa na pa kutokea na pa kwendea. Nilisikia wivu, na si wivu wa ndugu, ni wivu wa mtu wa kazi moja. Mimi sijawahi kuandika ukurasa uliokazwa hivyo. Nilikuwa karibu kuondoka nikaona mahali ambapo hapakuwa na chuma chochote.

"Na hapa mdomoni anasimama nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, Khairat. Anatia shada, anaachia, basi." Akachukua shada kwenye pakacha, akalitupia mdomoni bila kutazama, karafuu zikamiminika.

Hapo nikamwona shangazi wake. Alitupa kama anavyotupa mtu ambaye hajakaa jamvini maisha yake yote. Kwetu sisi, shambani kwa marehemu baba na kwa majirani zetu wote, karafuu ni za mwenye shamba lakini makonyo ni ya aliyechambua. Hakuna aliyeandika hivyo, ndivyo ilivyo tu. Kila mwanamke huyaweka yake chini ya paja, na jirani yake hayagusi hata wakiwa mtu na dada yake. Madaftari yetu ya skuli, yangu mimi na yake yeye, yalitoka kwenye makonyo ya mama, maana nayo huuzwa. Mchambuaji haachii kikonyo. Hata akiwa anasinzia, hata akiwa anasimulia harusi ya mwaka gani sijui, vidole vimekishika mpaka kiwe kitupu, na kikishakuwa kitupu kinakwenda pajani. Akili haina habari, ni mkono unaofanya kazi.

"Hawataachia," nikamwambia.

"Nani?"

"Wanawake. Kikonyo ni chao. Watakishika, na vidole vitaingia nacho."

Ngwali akacheka. "Watafundishwa. Shika, tia, achia. Maneno matatu."

"Mkono hausikii maneno."

"Makonyo yanatoka nyuma yamekusanywa tayari. Watagawana."

"Yakishachanganyika gunia moja utajuaje ya nani? Umewahi kuona wanawake wa hapa wakigawana makonyo?"

"Hayo mpelekee sheha. Mimi nimetengeneza mashine."

"Umeitengenezea mtu ambaye hayuko Pemba. Huyo mtu yeyote wako ndiye shangazi wangu, Ngwali. Umemtunga tu, hujui anataka nini."

Nilimwona linamwingia. Uso wake ulitulia vile unavyotulia anaposikia beringi inalia mahali. Lakini mimi bado nilikuwa na hasira ya ule mswada, na mafundi wengine walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, nikaona nisiondoke bila kumaliza. Nikasema kwamba sasa naelewa kwa nini kule Dar es Salaam walimwachisha kazi, maana alizoea kuwaundia watu ambao hajawaona. Alizima mashine.

"Na weye vitabu vyako nani anavimaliza?" akasema. "Miye peke yangu. Hao wanaokupa hongera hawafiki nusu. N'kifa leo huna msomaji hata mmoja, utabaki unajisomea mwenyewe. Toka karakanani kwangu, na usirudi."

Nilitoka. Mafundi walinipisha wakiangalia chini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, maana nilijua ndiye atakayeitwa mwanzo siku ya kuijaribu mashine. Shamba ni lake, mwana ni wake, na hapana mwanamke Wawi mwenye mkono mwepesi wa kuchambua kama yeye. Nikamwomba asikaribie ule mdomo. Nikamweleza vyote, rola, vidole, kikonyo.

"Umeshamaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Miye nimewazaa nyote wawili, Khairat, nawajua mlivyo. Kakusema kitabu chako, nawe wataka kumharibia. Huyo ni nduguyo wa tumbo moja. Hiyo yaitwa husda, na husda yala ntu."

"Mama, mkono wako—"

"Nkono wangu nauchunga mwenyewe."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, uani kwa mama. Walikuja wakulima wa kikundi cha karafuu cha pale na mwenyekiti wao Mzee Kificho, wakaja wanawake wachambuaji na vibao vyao vya kukalia, kana kwamba kutakuwa na kuchambua. Ngwali alivaa shati lililopigwa pasi. Aliniona nimesimama karibu na injini akakaza taya, lakini mbele za watu hakuweza kunifukuza. Akaeleza. Shika, tia, achia. Wanawake wakaitikia ndiyo, ndiyo mwanetu, wakijifunika midomo kwa mitandio.

Mama akaitwa. Shada la kwanza aliliachia, tena kwa madaha, kama anatupia kuku mtama, na karafuu ziliposhuka watu wakapiga makofi. La pili akaliachia. Ngwali akanitazama, akatabasamu, na nitasema kweli, nilitamani aibike. Nilitaka liwe kosa dogo la kumchekesha Mzee Kificho, mashine ikwame, basi.

Kisha mama akazoea. Akageuza shingo kumwambia jirani yake kwamba msimu huu karafuu ni nene, za mwaka juzi zilikuwa vijidudu tu, na huku anasema hivyo mkono wake ukaanza kazi wenyewe. Niliona kikonyo kimepita katikati ya vidole vyake, kidole gumba kimekibana. Shada likaingia mdomoni na mkono ukalifuata, polepole, bila haraka yoyote.

Nikauvuta waya. Umeme ulinipiga mpaka begani, nikaanguka kwa magoti, na injini ikafa.

"Nini tena, Khairat?" akauliza Mzee Kificho.

"Mkono wa mama ulikuwa unaingia."

Watu wote wakamtazama mama. Mama akautazama mkono wake, kisha akaunyanyua juu wauone, mzima, kikonyo bado kimo vidoleni. "Nkono wangu huu hapa," akasema. "Haukuingia popote." Kukawa na vicheko. Mwanamke mmoja akasema astaghfirullah, ndugu kwa ndugu, na mwengine akaitikia. Mama akaja akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti. "Mbele ya watu," akasema. "Wantia aibu nwanangu mbele ya watu."

Ngwali alikuwa ameshaurudisha waya. Nilimjua, midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Akaipiga kamba injini, ikawaka.

"Dada yangu ni mtunzi," akawaambia watu. "Anatunga. Anasema mtu akishika kikonyo hawezi kukiachia. Haya, n'takishika miye, vile vile wanavyoshika kina mama. Mtanitazama n'kiachia pale ninapotaka."

Nikanyanyuka kuufuata waya. Mama, aliyekuwa bado mbele yangu, akanikamata mikono yote miwili, mgongo wake ukiikinga watu wasiione. Mtu asiyemjua mama hawezi kujua vidole vile vina nguvu gani, vimesukuma mashada tangu yeye mtoto. Nikamwambia mama n'achie. Nikavuta mpaka kanga yake ikamtoka begani, na hakuniachia. Alikuwa akiniambia maneno sikioni, tulia, tulia mwanakwetu, tutachekwa, kama ananibembeleza.

Ngwali akachukua shada. Akakipitisha kikonyo katikati ya vidole kama alivyomwona mama, akakibana kwa gumba. Hakutazama mashine. Alinitazama mimi, uso wangu tu juu ya bega la mama.

"Achia," nikampigia kelele. "Ngwali, achia."

Namjua kaka yangu. Ningenyamaza, angeachia. Lakini neno limetoka kwangu na watu wote wamelisikia, na yeye hawezi kufanya jambo nililomwambia mimi pale pale nilipomwambia. Akakishika kidogo zaidi. Alikusudia kidogo tu, niliona machoni mwake, kiasi cha kunionyesha. Rola zilikuwa zimekazwa vizuri sana, hazikuwa na pa kuteleza.

Mzee Kificho ndiye aliyeipiga teke injini ikapinduka. Mama aliniachia wakati huo.

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Ngwali madaktari hawakuweza kuviokoa. Pale hospitali walimlaza kitanda cha ukutani, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Mimi nilikaa upande wa kichwa, mama upande wa miguu na chupa yake ya chai, na tangu tufike hakuwa amesema na mtu isipokuwa Mungu. Ngwali alipofumbua macho alinigeukia mimi.

"Mara ya kwanza uliuvuta waya," akasema.

"Ndiyo."

"Mara ya pili mbona hukuuvuta?"

Tasbihi ya mama ikasita. Alama za kucha zake zilikuwa bado nyekundu mikononi mwangu, nikaishusha mikono ya baibui mpaka kwenye vidole. Nilikuwa na ukweli mdogo wa kumwambia, maneno mawili matatu, na yangetosha kunisafisha. Nikamtazama yule mwanamme aliyelala pale, nikajiuliza kama ninavyojiuliza mezani kwangu: huyu anaweza kubeba nini? Chuki yangu ameibeba tangu utotoni na haijamvunja. Kwamba mama yake ndiye aliyemzuilia mkono wa kumwokoa, hilo asingelibeba. Wala mama asingebeba kulisikia likisemwa.

Nikaunda. Nilichukua vitu anavyovijua yeye mwenyewe tu, nikavifunga kimoja kwenye kingine.

"Sikutaka kuuvuta," nikamwambia. "Ulinifukuza mbele ya mafundi wako. Ukaniambia sina msomaji. Nikaona basi, na aone mwenyewe."

Ilikuwa hadithi yenye tundu kubwa. Nilikuwa nimempigia kelele aachie, ua mzima ulisikia, naye alinisikia. Mtu anayetaka uumie hakwambii uachie. Ngwali, ambaye hajawahi kunipitishia hata koma, alikuwa na haki ya kuniuliza hapo, na nilikaa nikimngoja aniulize. Nilitaka anikamate.

"Nilijua," akasema.

Akageukia ukutani. Niliumia, sikufichi, niliumia kuliko siku yoyote aliyowahi kunichania kazi yangu, kwa vile aliikubali upesi na kila kitu ndani yake kilimtosha. Nikamtazama mama. Alikuwa amenielekeza macho, midomo imefunguka, na kwa muda nikadhani atasema. Akafungua chupa, akamimina chai kwenye kikombe, akaipuliza ikapoa, akamnyanyua mwanawe kichwa na kumnywesha.